Arubaini ya Khawla Haijaisha

Majirani wa mtaa wa Kiponda wanamsifu sana Khawla. Wanawake wa siku hizi hawakai ndani, wanasema, lakini mke wa Zahran katulia: kutwa yumo chumbani kwake anadarizi kofia za viua, na akisikia adhana tu, anafunga mlango aswali. Sifa hizo humfikia, naye huinamisha uso akaendelea kutoboa vishimo vya kofia.

Mimi nitakwambieni kilichokuwapo nyuma ya ule mlango. Khawla alikuwa haswali. Alitandika mswala, akakaa juu yake, akautazama ukuta mpaka wakati upite, kisha akaukunja. Mwezi wa Ramadhani alikunywa maji bafuni na kujifuta midomo vizuri kabla hajatoka. Wala hakuwa mtovu wa dini. Aliamini kwamba bado ni mzazi, yumo ndani ya arubaini yake ya uzazi, na mzazi hana swala wala saumu mpaka damu ikatike, aoge josho lake.

Miaka minane nyuma alijifungua mtoto wa kiume, mimba ya miezi tisa kamili, ana nywele, ana kucha, hana pumzi. Wanaume wakamzika alasiri ile ile. Mama mtu alionyeshwa uso kidogo tu, kanga ikarudishwa. Kwa mkwewe, Bi Dalal, wanakokaa mpaka leo, akawekwa ndani kama wazazi wote: maji ya moto, ubani, Bi Wanu wa kumkanda kila asubuhi, na kisu chini ya godoro cha kuwazuia mashetani. Siku ya kumi na tisa Bi Dalal akakata shauri. Mtoto hayupo, ya nini kuendelea kumkumbusha? Akamwambia Bi Wanu asirudi, akakiondoa chetezo, akasema, "Yameshapita hayo, mwanangu. Sahau." Alifanya hivyo kwa huruma, na hilo ndilo linaloniudhi hasa, maana huruma ya namna hiyo hakuna anayethubutu kuigombeza.

Siku ya arubaini ikapita bila mtu kuitaja. Khawla akaenda kuoga peke yake. Alipojifuta, akaona doa. Akaoga tena, akaliona tena. Pengine siku zile doa lilikuwapo kweli. Baadaye halikuwapo, naye akazidi kuliona, ndoo ya tatu, ndoo ya saba, mpaka vidole vikamchanika. Mtu mwenye wasiwasi wa tohara tunamjua wote, na tunamtania kwamba anamaliza pipa zima kwa udhu mmoja. Khawla hakutaniwa, kwa kuwa hakuna aliyejua. Zahran, fundi wa mafriji, mtu mpole asiyeuliza, kila alipomkaribia aliambiwa mkewe yumo katika siku zake. Mwishowe akaacha kumkaribia. Kisu kilibaki palepale chini ya godoro, na miaka yote hiyo Zahran amekilalia bila kujua.

Mwaka huu Badriya, dada yake Zahran, kajifungua mtoto wa kike, Tahiya, na kama ilivyo ada kaja kukaa arubaini kwa mama yake. Bi Wanu karudi na sufuria zake za maji ya moto. Akiwa anamkanda Badriya, mtoto hupewa Khawla.

Ilikuwa siku ya tatu. Mtoto amelala mapajani, kashiba, na Khawla akaiona mikono yake mwenyewe ikiivuta kanga juu ya pua ya mtoto na kuikandamiza. Mikono haikusogea; aliiona kichwani tu. Lakini aliiona waziwazi. Alimpenda mtoto yule hadi kifua kikamuuma. Kesho yake akaiona tena, na keshokutwa, na kila asubuhi baada ya hapo. Akawa anambeba mtoto mikono imekakamaa, macho hayatoki kwenye kanga. Badriya akacheka: "Tazameni wifi yangu anavyompenda mwanangu, hata kupepesa hataki."

Siku ya thelathini na tisa, baada ya alasiri, Bi Dalal alimwita kutoka ukumbini.

"Khawla!"

"Naam, mama." Akatoka na Tahiya mikononi, Badriya kamwachia apate kulala.

"Kesho mtoto anatolewa nje. Nataka umtoe wewe. Mwenye kuishika swala kama wewe humu ndani hatuna. Utamsomea Yasini, kisha uvuke naye mlango."

Khawla akamtazama mtoto. Mswala mtupu huenda Mungu akamsamehe, lakini kumbeba kiumbe huyu asiye na kosa juu ya uongo, adhabu si itamshukia mtoto? Akakiona kizingiti. Akaiona kanga.

"Siwezi, mama."

"Huwezi nini? Unaona haya?"

"Mie mwenyewe sijatolewa."

Bi Dalal akacheka. "Hukutolewa wapi?"

"Arubaini yangu haijesha. Siku ya kumi na tisa ulimwambia Bi Wanu asirudi. Tangu hapo sijatahirika. Siswali, mama. Sifungi. Na huyu mtoto, nnaogopa nikiwa naye. Nnajiona nnamfunika uso."

Wako wauguzi ambao wangemwambia kwamba fikra za namna hii huwajia wanawake wengi waliofiwa kama yeye, na kwamba anayetishika nazo hivi hana nia ya kuua. Pale ukumbini hakuwapo muuguzi. Alikuwapo bibi wa mtoto. Aliposikia "kumi na tisa" alitaka kusema kitu. Aliposikia yale ya mwisho, mengine yote yakamtoka kichwani.

"Nipe mtoto," alisema taratibu.

Khawla akampa. Bi Dalal akarudi kinyumenyume mpaka chumbani kwa Badriya, akafunga mlango, na komeo likapita. Ndani Badriya alisikika akiuliza kuna nini, na mama yake akimnyamazisha.

Khawla akausogelea mlango, akausukuma kwa kiganja. Haukufunguka. Akausukuma tena kwa bega, kwa nguvu zake zote, apate hakika kwamba hata akitaka hawezi kumfikia mtoto.

"Alhamdulillahi," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Tahiya aletwe nyumba ile, akavuta pumzi mpaka ndani.