Kiti cha Mgeni wa Hadithi

Shangazi yangu anafundisha darasa la tatu. Wanafunzi wamembandika jina la Hebu Oneni, maana kila akifungua kitabu cha hadithi huanza na maneno hayo. Ana kawaida yake: kabla ya kusoma, huweka kiti kitupu mbele ya ubao. Ni cha mhusika. Watoto humwuliza maswali, kisha kila mmoja huandika anavyodhani angejibu. Mimi, niliyeishia katikati ya stashahada ya ualimu, namsaidia kuchonga penseli. Kazi ya heshima hiyo.

Muhula ule walisoma habari za msichana aliyefungiwa nje ya nyumba yao, mvuani. Shangazi alifunga kitabu msichana akiwa bado anabisha mlangoni.

"Mwisho mtaandika nyinyi," akasema. "Lakini si leo."

Watoto wakaanza vituko. Wakikipita kile kiti, wanakizunguka. Mmoja akatundika sweta lake kwenye egemeo.

"Anatetemeka," aliniambia, kama mtu anayekutajia saa.

Nilicheka. Halafu nikajikuta nami nakizunguka.

Tatizo lilikuwa mwalimu mkuu. Kwake hadithi ni porojo. Alitaka kipindi kile kiwe cha hesabu. Akaja kukagua, akatamka pale pale mlangoni, "Leo ndiyo naamua, mwalimu." Kipindi hicho ndicho kinachomtoa shangazi kitandani. Mengine anafundisha kwa kuwa yako kwenye ratiba.

Mkuu akatafuta pa kukaa. Kiti cha kumtosha kilikuwa kimoja.

"Mwalimu, hapo kuna mtu!" darasa zima likapiga kelele.

"Mtu gani? Mimi naona mbao." Akaketi.

Hakumaliza kukunja nne. Alichupa kama aliyekalia mwiba, akajishika nyuma. Suruali imelowa chapachapa! Na kile kiti nilikifuta mwenyewe asubuhi kwa kitambaa kikavu, na mvua hatujaiona tangu shule zifunguliwe.

"Nani kamwaga maji?"

"Si tulikuambia, mwalimu," akasema mwenye sweta, kwa upole.

Maji yalikuwa bado yanadondoka kutoka ukingo wa kiti, tone baada ya tone, wala hayakuonyesha dalili ya kwisha.

"Hadithi inaishaje?" mkuu akauliza.

"Hatujaandika bado," shangazi akajibu.

"Basi andikeni! Mfungulieni huyo mtoto aende kwao!"

Wakaandika. Zilisikika penseli tu, na yale matone. Wote wakamfungulia. Kisha mwenye sweta akaenda kuufungua mlango wa darasa, na watoto waliokaa njiani wakavuta miguu chini ya madawati, mmoja baada ya mwingine, kumpisha.

Matone yakakoma.

Kipindi kipo mpaka leo. Mkuu bado anakuja kukagua, ila havuki kizingiti kabla ya kuuliza, "Wiki hii mna nani?"

Jana shangazi alimjibu, "Chui, mwalimu. Karibu kiti."

Mkuu akakumbuka ana kikao.