Kiganja Kwenye Majivu

Wapo watu hapa Ushirombo watakaokwambia kwamba Tarsisi alichoma msitu. Waambie waje kwangu. Mimi Bartholomeo nilikuwepo, na nikisikia hilo jina linachafuliwa damu inanichemka, maana aliyechoma namjua.

Tarsisi alikuwa mrina asali, kama baba yake na babu yake. Mizinga yake ya magome ilizidi mia, yote imetundikwa ndani ya msitu wa hifadhi, mwendo wa siku nzima kwa baiskeli. Kanisani alikaa benchi la nyuma. Kwenye mikutano ya kijiji hakufungua mdomo. Lakini ukiingia naye msituni, ule upole aliuacha nyumbani kwa mama Salvina, mkewe.

Tulikuwa warina kumi na wawili kambini kwake, na tuliishi kwa amri zake. Mti mbichi hukati, kuni unaokota zilizoanguka. Kisimani huogi, unachota maji unakwenda kuogea mbali. Bunduki na mitego hutakiwi hata kuviwaza. Ulichokuja nacho unaondoka nacho, hata kipande cha kamba. Na moto unawashwa penye udongo mtupu, mbali na mizizi. Siku ya kuondoka, aliyeuwasha anachimbua majivu, anazamisha mkono mpaka kwenye kifundo, anahesabu mia. Akimaliza, Tarsisi anazamisha wake. Mara moja mimi nilitoa mkono kwenye themanini nikasema pamepoa.

"Sikukuuliza unaonaje," akanifokea mbele ya wenzangu wote. "Nimekwambia uhesabu mia."

Mwezi wa saba mwaka sabini na sita kibali chetu cha kuingia hifadhini kilikuwa kinakwisha. Pamba ilikauka mwaka ule, mizinga ndiyo tuliyoitegemea. Pantaleo, bwana nyuki wetu wa serikali, akaleta habari: mkubwa mmoja kutoka mjini, Bwana Donatus, angekuja kulala msituni siku mbili na rafiki zake, na saini ya kibali ilikuwa mikononi mwake.

"Mzee Tarsisi, nakuomba," Pantaleo akasema. "Siku mbili tu. Kaa kimya."

Walikuja na Landrova. Hata kukumbuka sitaki. Waliangusha mninga mbichi ili wachome nyama. Mmoja akaingia kisimani na sabuni, sisi tunatazama tu, povu linaelea juu ya maji yetu ya kunywa. Makopo wakatupa ovyo. Moto wakauwasha chini ya myombo, juu ya mizizi kabisa, kwa sababu pale pana kivuli. Tarsisi akaenda kuwaeleza kwa adabu. Bwana Donatus akamuuliza kama msitu ni wa baba yake.

Asubuhi ya kuondoka Tarsisi akasimama mbele ya gari.

"Mheshimiwa, weka kiganja kwenye majivu yako kwanza," akasema. "Huo ndio utaratibu wa hapa."

Wakacheka. Halafu Bwana Donatus akaacha kucheka, akaitoa ile karatasi ya kibali mfukoni, akaikunja vipande vinne, akairudisha. Pantaleo alikuwa anatoka jasho.

Hapo ndipo nilipojiingiza mimi. Niliona mizinga yangu arobaini inazama katika ule mfuko. Nikachukua ndoo, nikaukimbilia moto, nikamwaga maji, mvuke ukapanda, nikakanyagakanyaga. Nikarudi.

"Umezimika, mzee. Nimeweka mkono."

"Umehesabu mia?"

"Nimehesabu."

Akataka kwenda kuweka wake. Bwana Donatus akapiga honi: kama mnataka saini, kiongozi wenu apande sasa hivi, twende ofisi ya kijiji akaweke dole gumba. Tarsisi akanitazama, akapanda. Sikuwahi kumdanganya kambini, akaniamini. Na mimi nilibaki pale nusu siku nzima nikipakia asali, hatua mia kutoka kwenye ule mti. Sikwenda kuangalia. Mpaka leo najikasirikia kwa zile hatua mia kuliko kwa kitu kingine chochote.

Moto ulikuwa umelala ndani ya mzizi. Siku ya nne ukaja upepo, na moshi tukauona kutoka kijijini. Msitu uliwaka siku tisa. Mizinga ya Tarsisi haikubaki hata mmoja. Yangu ilipona kumi, ilikuwa ng'ambo ya mto.

Kwenye ripoti iliandikwa kwamba warina waliacha kienge kinawaka, kile kienge cha kufukizia nyuki. Landrova haikuandikwa. Mninga haukuandikwa. Tarsisi akaitwa mbele ya maofisa wa misitu kama kiongozi wa kambi, akapigwa marufuku kukanyaga hifadhini maisha yake yote. Aliwaambia ni moto wa wageni. Wakamuuliza shahidi ni nani. Pantaleo akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa kwenye benchi, karibu na Tarsisi kiasi cha kumgusa, nikatazama viatu vyangu. Sisi kumi na mmoja tuliachiwa kibali.

Wiki ile ile alikuja kwangu. Nilikuwa nakarabati mzinga uani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hebu nipe mkono."

Nikadhani ananisalimu. Akaugeuza, akafungua vidole vyangu kimoja kimoja, akakitazama kiganja muda mrefu. Kilikuwa kizima, hakina hata kovu la kuungua.

"Ungeuweka kwenye moto ule, hata kumi usingefika kuhesabu," akasema.

Nilitaka aniite mwongo, anitukane kama zamani, anipige hata kofi. Aliniachia mkono, akapanda baiskeli yake, akaenda. Aliishi miaka saba zaidi, na miaka yote saba niliingia msituni kwa karatasi ile yenye alama ya dole gumba lake.