Karis alinipakia sabuni kwa gas badala ya kuweka washer

Wakuu, habari zenu. Nimeona hapa mkiulizana kama gas ni salama kwa nyumba, nikaona niseme yangu. Siongezi chumvi. Na majina sitaficha, kwa sababu wenye walifanya hii kitu wanakula na wanalala vizuri.

Mimi ni Mama Brayo wa Makongeni, Thika. Kwetu ni Bungoma. Nilikuwa machine operator kwa kiwanda ya nguo hapo Industrial Area, nashona kola za shati. Kola haipewi kila mtu, ukikosea kidogo shati yote imeharibika. Hiyo ya kola mkumbuke, nitairudia.

Napikia ile mtungi ndogo, yenye burner inafungwa juu yake moja kwa moja. Siku moja iliisha maharagwe ikiwa bado ngumu. Nikaita Karis, ndiye mwenye kibanda ya gas hapo kwetu. Akaleta mtungi ingine, akachungulia kwa shingo, akafunga burner. Ikaanza kulia ssss.

"Karis, hiyo inavuja."

"Mathe, hiyo ni hewa tu. Itazoea."

Itazoea! Kama mtoto amepelekwa boarding.

Akaangalia kwa beseni yangu ya nguo, akachukua sabuni ya kipande, akailainisha na mate, akapaka pale burner inaingilia, akizungusha kidole kama fundi wa madirisha. Sauti ikanyamaza. Halafu akawasha kiberiti akaipitisha hapo hapo. Haikushika.

"Si umeona? Hapa Makongeni nusu ya watu wanapikia sabuni."

Hapo hakudanganya. Kwa plot yetu karibu kila mtungi ilikuwa na sabuni kwa shingo. Tuliona ni kawaida, vile unaweka tambara chini ya mlango mvua isiingie.

Chenye hatukujua ni hii. Ndani ya shingo ya mtungi kuna ka-raba keusi, kadogo, ka mviringo. Inaitwa washer. Hiyo ndiyo inaziba gas, si sabuni. Kwa mtungi yangu ilikuwa imekatika. Na Karis aliona, si nimesema alichungulia?

Sabuni ikipata joto ya burner inakauka, ikikauka inapasuka. Yangu ikapasuka. Nikasikia harufu, nikaenda kumwambia.

"Paka ingine mathe, ama sabuni imeisha?" Wenye walikuwa kwa kibanda wakacheka. Nikarudi nikapaka.

Sasa aingie Wafula.

Wafula ni ndugu mdogo wa bwanangu, anakaa Mwiki huko Ruiru. Alikuja Jumapili mimi nikiwa kanisa na bwanangu akiwa shift. Jirani akampea kifunguo. Akachemsha chai, akafunga mlango na dirisha eti vumbi, akakaa kuangalia mpira.

Nilipofungua mlango ile harufu ilinishika kwa koo.

"Wafula, wewe hausikii gas?"

"Nasikia shemeji. Nilidhani ni choo ya plot."

"Usiguse kitu. Usiwashe kitu. Wacha nifungue dirisha."

Nikapita niende kwa dirisha. Nyuma yangu nikamsikia, "Si kwanza tuone inatokea wapi," na kiberiti ikakwaruzwa.

Wakuu, ile moto haina kelele ya sinema. Ni vuuu moja, halafu nyumba imejaa. Wafula akatoka mbio na akavuta mlango nyuma yake. Mlango yetu ukiivuta kwa nguvu komeo ya nje inaanguka yenyewe. Kwa hivyo ndani tukabaki mimi, mtungi na godoro imeanza kushika.

Nikashika mtungi nikaivuta itoke kwa godoro. Shingo ilikuwa inatema moto juu ya vidole zangu.

Mwenye alifungua ni Mama Shiro, tunashare ukuta. Alikuwa anafua blanketi.

"Ngai! Mama Brayo, wachilia! Wachilia hiyo kitu!"

Singeweza. Vidole zilikuwa zimekataa kufunguka. Akatufunika na blanketi mbichi, mtungi na mimi pamoja. Kisha akanivuta mpaka kwa mfereji, akafungulia maji kwa mikono yangu na akakataa kuifunga. Kuna mwenye alileta dawa ya meno ya kunipaka, Mama Shiro akamfukuza. Hospitali walisema hayo maji ndiyo yaliokoa mikono.

Wafula tulimpata ng'ambo ya barabara. Anakunywa soda.

Mkono ya kulia ilipona vibaya. Vidole ziliwacha kukunjika. Supervisor aliniambia bila kunitukana, "Mama, rudi siku utaweza kuingiza uzi kwa sindano." Tangu hapo niko nyumbani, na hiyo machine ya kola ameikalia mtu mwingine.

Karis akaambia watu ni mimi nilipaka vibaya. Bado anauza.

Wafula naye, siku tulienda ruracio ya jirani, kupeleka mahari, alisimulia meza nzima vile alinibeba kutoka kwa moto. Wakampigia makofi. Mimi nilikuwa hapo nimeshika sahani na mkono ya kushoto.

Kwa hivyo wakuu, mtungi ikiletwa chungulia shingo kabla mtu afunge burner. Raba ikiwa imekatika ama haiko, irudi na mwenye aliileta. Sabuni kazi yake ni povu: piga povu, weka pale burner inaingilia, ukiona mapovu yanafura hapo kuna shimo. Unafungua burner itoke, mtungi unaipeleka nje. Haupaki. Na ukisikia harufu, hata taa usiguse, fungua mlango kwanza. Kiberiti ya kuangalia inatokea wapi ni ya Wafula.

Kwa plot yetu siku hizi hakuna mtungi inapita bila mimi kuiangalia. Washer ikiwa mbaya naitoa, naweka mpya, na naiweka na hii mkono ya kulia. Mara ya kwanza hako ka-raba kalianguka na kuanguka mpaka Mama Shiro akasema, "Lete nikuwekee." Nikamwambia akae. Alikaa mpaka chai yake ikapoa.

Sasa washer inaingia bila kuanguka. Na juzi, baada ya washer, niliingiza uzi. Jumatatu naenda kwa supervisor, na sindano nabeba yangu.

Wewe mwenye umesoma mpaka hapa, enda uchungulie mtungi yako, urudi useme umepata nini. Karis pia anaweza kucomment. Simu anayo.