Vifungo vya Wazee na vya Watoto

Pale karakana ya ushonaji tulimwita Bi Vifungo. Kushona alijua, lakini kwenye vifungo alikuwa moto wa kuotea mbali. Alivigawa katika makopo matatu bila kujali rangi: vikubwa vyenye ukingo, vya wazee wanaotetemeka vidole; vigumu, vya watoto wanaotafuna kila kitu; na laini vinavyofunguka upesi, vya mama anayenyonyesha. Tangu aanze mtindo huo, hakuna mteja aliyerudisha nguo.

Miaka mitatu nyuma alilazwa hospitali, akili imechoka. Akapona, akaenda kuishi kwa dada yake mkubwa, ambaye kila saa kumi na mbili jioni humfungia mlango kwa nje. Sasa alikuwa amepata chumba nyuma ya karakana, dirisha moja, ufunguo wake mwenyewe. Kilichobaki ni dada kukubali, maana hospitali ilimkabidhi kwake.

Dada akaja mchana kukiona. Akapita mezani kwetu, akainamia makopo, uso ukamshuka.

"Mdogo wangu, mbona umechanganya nyeusi na nyeupe?"

"Sijachanganya, dada. Hivi vya wazee, hivi vya watoto wanaotafuna."

"Watoto gani? Unawaona wapi?"

Bi Vifungo akaeleza, mikono ikienda huku na huku. Kadiri alivyoeleza ndivyo dada alivyonitazama kwa huruma. Nikawaka.

"Dada, ndivyo tunavyofanya kazi hapa!"

"Wewe hukumwona mwaka ule," akanijibu taratibu.

Bi Vifungo akanyamaza.

"Umeona? Ilianza hivi hivi, kunyamaza."

Jamani, mtu afanye nini? Akisema, ugonjwa, akinyamaza, ugonjwa. Na dada wa watu hakuwa na roho mbaya, hilo ndilo lililoniuma. Bi Vifungo akamwaga makopo yote mezani, akavipanga vifungo upya kwa rangi, kimoja kimoja, machozi yakimdondoka. Dada akashusha pumzi.

"Haya. Ukitulia hivi, mwakani tutazungumzia chumba."

Alipoondoka tukarudi kwenye cherehani. Baada ya muda nikamsikia Bi Vifungo akicheka peke yake. Nami, Mungu anisamehe, niligeuka haraka kumtazama.

"Nimeshona mkono nje ndani," akasema upesi kabla sijauliza, akaniinulia shati nilione. "Shati tu, mwenzangu. Nilikuwa nalicheka shati."