Programu ya Hosiana Haikai Zizi Moja

Hosiana Jilala anatengeneza simu mjini Kahama na, kama mafundi wengi, kompyuta yake mwenyewe ilikuwa mbovu. Diski ilikufa Jumatatu. Jumanne tovuti kubwa ya ughaibuni alikohifadhi programu yake ikamfungia akaunti, kwa barua ya adabu iliyomshukuru kwa kuwa mteja wa thamani. Sababu haikutajwa.

Programu hiyo huorodhesha ng'ombe wa kuchanjwa, kwa Kiswahili na Kisukuma. Ni ya bure: yeyote huichukua, huirekebisha, kisha humtumia Hosiana marekebisho. Kazi ya miaka sita. Na Ijumaa ilikuwa chanjo ya kijiji cha Didia.

Fredy, ofisa wa mradi mmoja, anayevaa tai hata jua likiwaka, alikuja kumpa pole. "Fundi, ndiyo basi tena. Anza upya kwenye tovuti kubwa zaidi."

"Ili wanifungie kwa ukubwa zaidi?"

Baba yake, mzee Jilala, alikuwa ametoka Didia kufuata dawa ya kupe. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwani uliwaweka wote zizi moja? Ng'ombe wangu wako kwa watu wanne. Ugonjwa ukiingia kwangu, kundi halimaliziki. Sisi tunabilisa: mwenzako anamtunza na kumkamua, ng'ombe anabaki wako. Wewe hukubilisa?"

Hosiana akacheka. Alikuwa amebilisa bila kujua: kila anayeshiriki kuiandika programu ile huichukua nzima, na historia yake yote. Akampigia Enock, mvuvi wa Nkome anayeandika programu boti zikipumzika.

"Ninayo yote, dada. Hadi makosa yako ya mwaka wa kwanza. Niyafute?"

"Thubutu!"

Mtandao wa Nkome siku hiyo haukutosha hata kutuma salamu. Flashi ikaja kwa basi Jumatano, ndani ya kifurushi cha dagaa, ikinuka hivyo hivyo. Disha wa duka la vipuri akatoa kompyuta yake ya akiba, kutoka nyuma ya mikanda ya mashine za kukoboa.

"Kwa hiyo makao makuu ni hapa?" Fredy akauliza.

"Hakuna makao makuu," Disha akamjibu. "Karibu mkanda."

Ijumaa orodha ilitoka kamili. Mzee Jilala aliwaonyesha majirani majina ya walioiandika programu, la binti yake likiwa juu; alipofika chini akaanza tena kutoka juu. Kisha akadai nakala yake. Hana kompyuta. Flashi aliyopewa iko kwenye sanduku lake, pamoja na hati ya shamba.

"Utaifanyia nini, baba?"

"Nitamtunza tu. Sitamkamua."