Yema Ndani ya Kamba

Kwa miaka mingi, kijijini kwao wilayani Kailahun, hakuna mwanamke aliyezikwa kabla mikono ya Yema Kpaka haijamwosha. Wamende wenzake walijua kwamba maiti asiyeoshwa havuki mto kwenda kwa wazee wake. Hubaki upande huu akisumbua wazima. Hayo yalikuwa mambo ya watu, enzi watu walipokuwa watu.

Ikaja ebola, na nyuma yake askari wenye kamba. Shemeji yake Yema, aliyeishi naye, alipofariki, waliizungushia nyumba kamba, wakamfungia ndani yeye na bintiye Baindu.

Yema hakumwamini mtu. Mchele walioletewa aliunusa kwanza. Dawa iliyopulizwa ukutani, kwake yeye, ndiyo iliyoleta ugonjwa. Hata jirani yake Tewa, aliyekula naye bakuli moja tangu usichanani, sasa alitua chungu cha kisamvu mbali na kamba, akarudi kinyumenyume.

"Siku hizi nanuka, Tewa?"

"Unanuka ubishi, dada. Kula kabla hakijapoa."

Kisha Baindu akashikwa na homa. Mama alimficha chumba cha nyuma, na askari akiuliza hali aliambiwa binti anasuka nywele, au amelala. Waliopandishwa gari jeupe la wagonjwa hawakurudi, wala makaburi yao hayakujulikana. Kama ni kufa, Baindu angefia mikononi mwa mamake, naye angemwosha mwenyewe.

Asubuhi moja gari hilo likasimama nje. Yema alimwona Tewa ng'ambo ya njia, akamwita msaliti, akamtukania mpaka bibi yake. Tewa alilia tu.

"Mwache mama Tewa," alisema Baindu, ameegemea mlango. "Askari nimemwita mimi, dirishani."

"Wewe? Nimekukosea nini?"

"Nakujua, mama. Nikifa hapa utaniosha. Wewe nani atakuosha?"

Yema alinyoosha mkono. Binti akamkwepa, akajikokota peke yake mpaka garini.

Mama alimuuliza askari, huko wanakompeleka ni nani anayeosha watu. Askari akafunga mlango wa gari.

Baadaye walikuja kumwambia Baindu amefariki na amezikwa vizuri. Yema aliwauliza wamemzika wapi, kila mmoja akaelekeza kidole upande wake. Homa haikumpata, kamba ilifunguliwa, na Tewa alimwomba radhi kwa kosa lisilo lake. Lakini mpaka leo Yema hasemi kwamba mwanawe amekufa. Husema wamemchukua.