Visima Themanini na Saba Ukutani

Namba zangu zilibadilika ukutani, mbele ya watahini, nikizitazama kwa macho yangu haya mawili.

Sitanii. Kwenye sura ya nne ya tasnifu niliandika kwamba wilaya yetu ina visima vibovu themanini na saba. Profesa akafungua ukurasa wa tovuti niliyoitaja kuwa chanzo changu, projekta ikaumulika. Thelathini na moja!

Watahini wakainamia nakala zao za tasnifu, wakalinganisha.

Hapa Tamale, kaskazini mwa Ghana, siku ya kutetea tasnifu ni shughuli ya familia. Shangazi Memuna alikuwa nje ya mlango na masufuria ya wali na kanga wa kukaanga, maana watahini hawaondoki na njaa. Yeye ndiye aliyenisomesha.

"Binti," akasema Profesa Akyaa, mtahini aliyetoka Accra, akivua miwani. "Namba hizi umezipika?"

Chuoni kwetu ukibainika umepika takwimu, hakuna cha kuandika upya. Unafukuzwa.

"Sijapika, Profesa."

"Basi zimetoka wapi?"

Nikamgeukia msimamizi wangu, Dokta Napari, aniokoe. Si ndiye aliyesoma kila ukurasa? Akajikuna kidevu.

"Mimi nilimwambia arekebishe marejeleo," akasema. "Huyu mbishi."

Jamani! Nilitamani ardhi immeze, siyo mimi, yeye.

Marejeleo hayo tuliyagombania mno. Yeye alitaka niweke anwani ya tovuti tu, basi. Mimi nikaweka jina la waliokusanya takwimu, mwaka, toleo, namba ya kudumu ya jedwali, na tarehe niliyolifungua.

"Wewe Wunpini, unaandika chanzo au wasifu wa marehemu?" alinicheka. "Futa madudu hayo."

Sikufuta. Nyumbani wananiita kichwa kigumu, na wala hawakosei.

"Profesa," nikasema, "hapo tovuti imekufungulia toleo la tatu la jedwali, lililo jipya. Tazama marejeleo yangu. Mimi nimetumia la pili."

"Kila anayepika husema tovuti imebadilika."

"Basi iandike ile namba ya kudumu. Itakupeleka kwenye toleo lenyewe."

Akaiandika. Mtandao ukagoma. Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka. Nje nikamsikia shangazi akimuuliza mtu kama bado wananihoji. Machozi yalikuwa karibu.

Ukurasa ukafunguka.

Themanini na saba.

Dokta Napari akachanua tabasamu. "Si niliwaambia huyu binti ni makini?"

Heh! Watu wengine hawana haya.

Ila Profesa hakutabasamu. Alirudi kwenye toleo la tatu, akateremka mpaka chini, palipoelezwa kilichobadilishwa. Akasoma kwa sauti:

"Visima vilivyohesabiwa mara mbili vimeondolewa. Tunamshukuru mwanafunzi Wunpini Yakubu kwa kutuuliza."

Ni kweli niliwaandikia hao waliokusanya takwimu, kabla sijawasilisha tasnifu, nikiuliza mbona vijiji vingine vinajirudia. Kimya. Muda ukaniishia, nikalitumia jedwali kama lilivyo.

"Kwa hiyo aliyeiua sura yako ya nne ni wewe mwenyewe," Profesa akasema.

"Hawakunijibu, Profesa."

"Ungeandika hivyo hivyo. Nimeuliza, sijajibiwa. Mstari mmoja tu, binti."

Nikauandika mstari huo pembeni mwa nakala yangu.

Watahini wakaamua kwamba sijapika chochote, nabaki chuoni. Lakini shahada siipati mpaka sura ya nne niiandike upya yote kwa takwimu mpya. Ile hoja yangu kubwa, kwamba wilaya yetu ndiyo inayoongoza kwa visima vibovu, ikafia palepale.

Nje, shangazi alisimama upesi. "Umefaulu?"

"Sijafukuzwa."

"Sijakuuliza hilo. Kanga wangu waliwe au warudi nyumbani?"

Nikacheka huku nalia. "Waliwe, shangazi. Ila Dokta Napari mpe shingo."

Wewe unayeandika usiku na mchana huko uliko, taja ulichokiona, toleo lake na siku uliyokiona, hata wakikucheka. Ndicho kilichoniokoa. Na kama una shaka nacho, iandike na shaka yenyewe. Mimi yangu niliificha, ikaja kusomwa ukutani na jina langu juu yake.